Kabla ya Kumlaumu Dereva, Pima Sensa

Mwezi huu sitaandika juu ya shule. Nataka kuwasimulia habari ya gari ya kikundi chetu cha akiba. Hapa Nakivale kuna familia nyingi zenye gari ya kushirikiana, na jambo lililotupata sisi linaweza kuwapata na ninyi.

Gari yetu ni saluni ndogo ya petroli, ya gea za mkono. Familia kumi na mbili tulichanga tukainunua, ipeleke abiria na mizigo ya soko mpaka Mbarara. Dereva ni yaya wangu, tumbo moja na mimi. Mimi ni mwandishi wa kikundi, kwa sababu nilimaliza sekondari na mwandiko wangu unasomeka.

Tatizo lilianza wakati wa kiangazi. Asubuhi gari inawaka vizuri, inatembea, halafu ikishapata moto inazima ghafla. Haitoi dalili yoyote, ni kama mtu amezima taa. Ukipiga stata, injini inazunguka lakini haishiki. Mkikaa kando ya barabara nusu saa hivi, inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Ukiipeleka kwa fundi imeshapoa, anaijaribu, anasema: "Mbona hii ni nzima!"

Fundi mmoja wa mjini aliikuta imezima kweli. Akapiga stata huku anasikiliza pampu ya petroli kule nyuma: kimya. Akasema pampu imekufa. Tukanunua pampu kwa pesa ambayo wengine walikuwa wameiweka kwa karo za watoto. Siku tatu tu, gari ikazima tena. Hapo maneno yakaanza kusemwa chini chini.

Kisha usiku mmoja gari ilikuwa imembeba mama wa jirani, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Ikazima katikati ya njia, gizani. Alimalizia safari kwa pikipiki, ameshikiliwa na shemeji yake. Mungu asifiwe, mtoto alizaliwa salama. Lakini asubuhi mkutano ukaitwa, na watu wakasema wazi: dereva anauza petroli na kujazia maji. Mimi niliandika katika daftari: "Dereva asimamishwe." Sikusema hata neno moja la kumtetea. Yaya aliweka ufunguo mezani akaenda zake.

Swali la Papa fundi

Katika kikundi kuna mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari Bukavu. Siku hizi anatengeneza baiskeli na pikipiki hapa sokoni. Alinyamaza mkutano mzima, mwisho akauliza: "Gari ikizima, mshale wa RPM unafanya nini?"

Hakuna aliyejua. Wa kujua tulikuwa tumemfukuza. Nikatumwa kumwita yaya. Akajibu amesimama mlangoni: "Unaanguka sifuri mara moja, Papa, hata kama gari bado inateremka mlima na gea iko ndani. Na nikipiga stata haunyanyuki."

Papa fundi akasema: "Sikilizeni. Gari ikiteremka na gea iko ndani, magurudumu yanazungusha injini. Injini inazunguka, lakini mshale unasema imesimama. Basi kuna kitu kimeacha kuhesabu. Petroli yenye maji haiwezi kuangusha mshale namna hiyo."

Sensa hii inafanya kazi gani

Ndani ya injini kuna mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Mafundi wanauita krenki. Juu yake kuna gurudumu la chuma lenye meno, na karibu na meno hayo, kwa nafasi ndogo kama milimita moja, imewekwa sensa. Aina ya zamani ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana. Kila jino likipita, umeme kidogo unazaliwa katika waya. Walimu wenzangu, hili ndilo somo la sumaku na umeme tunalofundisha darasani!

Meno mengine yameachwa kwa makusudi. Katika injini nyingi za Toyota gurudumu lina nafasi 36 lakini meno 34. Ule mwanya ndio unaoiambia kompyuta ya gari krenki imefika wapi, na meno mengine yanaiambia inazunguka kwa kasi gani. Kwa habari hiyo kompyuta inaamua wakati wa kutoa cheche na wakati wa kunyunyiza petroli.

Sensa ikinyamaza, kompyuta inafikiri injini imesimama. Inakata cheche na petroli, na katika magari mengi inakata na umeme wa pampu. Ndiyo maana pampu ilikuwa kimya. Haikuwa imekufa, ilikuwa haijaamriwa.

Na kwa nini ikipata moto tu? Ule waya mwembamba ukikatika ndani kidogo, joto linatanua vitu na ncha zinaachana. Ikipoa zinagusana tena.

Usiichanganye na sensa ya mwendo wa gari, ile inayopeleka habari kwa spidomita. Hiyo kwa kawaida iko kwenye gea boksi.

Jinsi tulivyoipima

Tuliazima testa ya namba kwa kijana wa sola anayechaji simu. Kwanza, gari ikiwa baridi, Papa fundi alichomoa plagi ya sensa na kupima waya zake mbili: ohm 1,200 hivi. Sensa nyingi za aina hii zinasoma kuanzia ohm mia kadhaa hadi elfu mbili na zaidi, na kitabu cha gari ndicho kinatoa namba kamili. Kisha yaya akaiendesha mpaka ikazima. Tukapima pale pale ikiwa moto: testa ikaonyesha njia imekatika. Tukaweka kitambaa chenye maji baridi juu ya sensa, tukingoja. Namba ikarudi, gari ikawaka.

Hata hivyo Papa fundi hakusema "nunueni". Alikagua plagi kama ina kutu au oili, akatikisa waya huku anapima, akafuata njia yake hadi kwenye kompyuta. Waya uliochubuka unaleta ugonjwa ule ule. Mwenye kimashine cha kusoma kodi anaweza kuona P0335, lakini kodi hiyo inasema kuna shida katika njia ya sensa. Haisemi ni sensa yenyewe au ni waya.

Angalizo: sensa yenye waya tatu mara nyingi ni ya aina nyingine, usiipime kwa ohm. Washa swichi, pima kwenye plagi kama umeme unafika, volti 5 au 12 kufuatana na gari, na kama waya wa ardhi ni mzima.

Jinsi tulivyoibadilisha

1. Acha injini ipoe. Ondoa waya wa hasi wa betri.
2. Kwetu sensa iko chini, karibu na puli ya krenki. Tulinyanyua gari kwa jeki, tukaweka stendi za chuma. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, wala mawe.
3. Bonyeza kifungio cha plagi ndipo uvute. Usivute waya.
4. Fungua bolti. Kwetu ni moja, ya spana namba 10. Zungusha sensa taratibu mpaka itoke.
5. Futa vumbi la chuma mahali pale, maana sumaku inalivuta. Angalia kama oringi ni nzima, ipake oili safi ya injini.
6. Ingiza sensa kwa mkono mpaka ikae yote, ndipo ukaze bolti kwa kiasi. Ukiilazimisha kwa bolti utapasua plastiki.
7. Rudisha waya katika njia yake, mbali na mkanda na bomba la moshi.
8. Jaribu gari mpaka ipate moto kabisa. Usitosheke na kuwaka asubuhi.

Kabla ya kulipa dukani, linganisha namba iliyoandikwa kwenye sensa, na uipime pale pale. Yetu tulipata iliyotumika, kwa bei isiyofika robo ya ile pampu.

Daftari

Gari imefanya kazi mwezi wa pili sasa, haijazima. Katika mkutano uliofuata niliomba ruhusa, nikapiga mstari juu ya maneno niliyoyaandika, nikaandika chini yake: "Kosa lilikuwa sensa. Dereva hakuwa na kosa." Kila mmoja akatia sahihi. Nikamwomba yaya msamaha mbele ya watu. Akasema, "Ni sawa, mwalimu," akachukua ufunguo. Kwa kweli wiki nzima hakuniita jina langu, aliniita mwalimu tu.

Ndugu zangu, vikundi vyetu vinabomoka kwa mambo kama haya. Pesa ikipotea tunatafuta mtu wa kubeba lawama, na hapa kambini mtu akishaitwa mwizi, jina linamfuata mpaka kwenye foleni ya maji. Kikundi chetu kimeamua mambo mawili. La kwanza, hatununui kifaa mpaka kipimwe, kikiwa baridi na kikiwa moto. La pili, dereva anaulizwa kabla ya kuhukumiwa, kwa sababu yeye ndiye aliyeuona ule mshale.

Papa fundi amekubali kuwaonyesha vijana kutumia testa kila Jumamosi mchana, pale anapotengeneza baiskeli. Wasichana pia wanakaribishwa. Tukutane mwezi ujao.