Kwelea aliyepuliziwa si kitoweo

Kila mpunga unapoanza kukomaa, ujumbe wa wasomaji wangu hugeuka kuwa swali moja: ndege wamepuliziwa dawa jioni, asubuhi wametapakaa chini kama maembe yaliyopukutika, je, tuwale? Hapana. Nafasi iliyobaki naitumia kueleza kwa nini, maana hapana tupu haijawahi kumzuia mtu mwenye hamu ya nyama.

Kwanza, haki ya mkulima. Kwelea kwelea ndiye ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Makadirio hufika bilioni moja na nusu. Mmoja ana gramu 20 hivi, na kwa siku hula gramu 10 za nafaka. Kundi la ndege milioni 2 linaweza kumaliza tani 20 kabla ya magharibi. Aliyeshinda juu ya dungu akiamia mpunga kwa kombeo na makopo hahitaji kuhubiriwa uzuri wa ndege. Januari 2023 kwelea walipovamia mpunga wa Kisumu, Kenya ilijibu kwa fentioni, dawa ileile inayonyunyizwa kwenye malalo na mazalia yao Tanzania.

Sasa fentioni inafanyaje kazi? Nivumilieni, hapa ndipo ninapopapenda. Neva ikitaka msuli ukaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya huifuta papo hapo, na msuli unalegea kungoja amri nyingine. Fentioni hukinasa kimeng'enya hicho. Amri haifutiki tena: msuli unatetemeka mpaka unachoka, mate na makohozi yanafurika, pumzi inakatika. La ajabu zaidi, fentioni inapotoka kwenye dumu haijafikia ukali wake. Ini, katika kuhangaika kuivunja, ndilo linaloigeuza kuwa kali. Sisi angalau tuna kimeng'enya kingine katika damu kinachosaidia kuvunja sumu za jamii hii. Ndege wamepungukiwa nacho sana. Wala si lazima waimeze. Marekani waliwahi kuiweka kwenye vitulio ili ipenye kupitia nyayo za shomoro. Shomoro walikufa, na bundi na vipanga waliowala wakafa pia.

Hapo ndipo shamba linapoanza kula hasara. Si kwelea wote wanaokufa palepale; wengine huruka wakiyumba, na kwa kipanga hakuna windo jepesi kuliko ndege anayeyumba. Bundi aliyekuwa akimaliza panya shamba usiku kucha bila ujira anakufa, na msimu unaofuata mkulima huyohuyo ananunua sumu ya panya. Tafadhali, nisiandikiwe tena kwamba bundi ni uchuro. Uchuro ni ghala lenye panya lisilo na bundi.

Na kwelea wenyewe? Jike hutaga mayai matatu hivi, huyaatamia siku 10 au zaidi kidogo, na huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka huku kundi likihama kufuata mvua. Miongo ya kupulizia imeokoa shamba hili na lile, lakini idadi yao barani haijatikisika. Chakula chao cha asili ni mbegu za nyasi za porini; ukame ukizimaliza, au tukizifyeka, wanahamia kwetu.

Nimeambiwa ukitoa utumbo, sumu imetoka. Fentioni hupenda mafuta, na kwelea amelowa hadi kwenye ngozi. Nimeambiwa moto huimaliza. Jiko lako halikutengenezwa kuvunja viuatilifu. Nimeambiwa maziwa, ndimu, chumvi. Muuzaji mmoja wa mizizi aliniapia sokoni kwamba chupa yake "hukausha sumu zote". Nilipomuuliza inakausha nini hasa, alinipunguzia bei. "Mbona tumekula na hatujafa?" Kwa sababu dozi ndogo huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na tumbo kusokota, dalili ambazo ni rahisi kuzibandika jina la malaria. Wala nyama yenye sumu si ya kwelea tu: huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, korongo na bata wamekuwa wakiuawa kwa chambo chenye karbofurani, sumu yenye kunasa kimeng'enya hichohicho, kisha nyama ikauzwa.

Ushauri kwa ufupi: msiwaokote kwelea waliopuliziwa kwa mikono mitupu, wafukieni mbali na kisima, wazuieni watoto na mbwa. Mtu akitokwa jasho na mate kupita kiasi, mboni zikasinyaa au pumzi ikambana, mkimbizeni hospitali kwenye atropini na mtaje dawa iliyopuliziwa.

Kondoa, Tanzania, watu huwatega kwelea wakiwa hai kwa mitego na nyavu, wakawala na kuwauza. Ndege ni yuleyule, na bundi wa Kondoa akimla hali sumu. Mwenye hamu ya kwelea aanzie huko.