Muuguzi wa akili anapokuwa jirani yako

Sindano ya fluphenazine wanayochomwa wagonjwa wengi wa skizofrenia ni dawa iliyochanganywa na mafuta ya ufuta. Ni nzito. Muuguzi huivuta taratibu, huichoma ndani kabisa ya msuli wa tako na kuisukuma bila haraka. Mafuta hubaki kwenye msuli yakiachia dawa kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne, na baada ya hapo mgonjwa anatakiwa arudi kuchomwa nyingine. Kwa mkulima wa kijiji cha ndani huko Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, kurudi maana yake ni nauli ya bodaboda, siku nzima ya shamba kupotea, na macho ya watu wanaojua kliniki ile inatibu nini. Pengine anajiona amepona. Pengine dawa imemkakamaza shingo na kumtetemesha mikono, akaamua imetosha.

Kinachomrudisha, mara nyingi, ni mtu. Ni yule muuguzi aliyemweleza mwezi uliopita kwamba kukakamaa kuna dawa yake, vidonge vya benzhexol ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Artane, na ambaye hakucheka aliposimuliwa habari za sauti zinazosikika usiku. Sauti hizo hupungua kwa dawa, lakini habari zake hazisimuliwi kwa mtu asiyeaminika.

Aliyelifanya jambo hili kuwa somo la uuguzi ni Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, kwa kitabu chake cha mwaka 1952. Wakati ule kazi ya muuguzi wa wodi ya akili ilihesabiwa zaidi kuwa ya ulinzi: kufunga milango, kulisha, kuogesha, kumshika anayerusha ngumi. Peplau alisema mazungumzo kati ya muuguzi na mgonjwa ni tiba yenyewe, na yana hatua zake. Kwanza wawili hao hufahamiana, kisha mgonjwa hutambua nani anaweza kumsaidia na kwa lipi, kisha huutumia msaada huo, na mwisho huachana. Hatua ya kuachana aliipa uzito sawa na zile nyingine.

Utafiti uliofuata umemuunga mkono. Mwaka 2018 Christoph Flückiger na wenzake walikusanya tafiti 295 za tiba ya mazungumzo, zenye wagonjwa zaidi ya 30,000. Pale mgonjwa na anayemtibu walipoaminiana na kukubaliana wanataka kufika wapi, matokeo yalikuwa bora, na hali hiyo ilijitokeza katika aina mbalimbali za tiba na katika nchi mbalimbali. Nguvu ya uhusiano huo peke yake ni ya wastani, lakini haihitaji mashine wala bohari ya dawa, na hilo ni jambo kubwa kwa wilaya ambazo madaktari bingwa wa akili wako mbali.

Katika nyanda za juu za Kigoma wako mbali kweli. Kwa miongo mingi jibu la serikali kwa ugonjwa mzito wa akili lilikuwa Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanza miaka ya 1920, na familia ya Kibondo ilisafiri mamia ya kilomita na ndugu aliyefungwa kamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, Tanzania ilijaribu Kilimanjaro na Morogoro mpango wa kuishusha huduma hiyo hadi hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati. Tangu hapo mzigo mkubwa umekuwa mabegani mwa wauguzi. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya mara nyingi huwa muuguzi, na ndiye anayepima, anayechoma sindano, anayeita ndugu na anayepigiwa simu na polisi.

Muuguzi huyo amepanga chumba mtaa uleule wanamoishi wagonjwa wake. Nyanya ananunua kwa mama wa kijana aliyemlaza wiki iliyopita. Kwaya anaimba na mwanamke anayemtibu sonona. Anaongea Kiha kama wao, na pengine ni wa ukoo mmoja. Kanuni zinazofundishwa darasani, kwamba muuguzi asikutane na mgonjwa nje ya kazi, zilitungwa na watu wa miji mikubwa. Kasulu mjini kanuni hiyo haimalizi hata asubuhi moja ya siku ya gulio.

Mimi naona hapa ndipo mafundisho yetu yanapowaangusha wauguzi wa wilayani. Wanaambiwa wakae mbali, na kukaa mbali hakuwezekani, basi kila mmoja anajibunia mpaka wake mwenyewe, kimya kimya, kwa kubahatisha. Swali linalofaa zaidi ni hili: ukaribu huu unamhudumia nani? Ukimhudumia mgonjwa ni tiba, hata ukiwa mkubwa. Ukianza kuhudumia upweke wa muuguzi, mfuko wake, hamu yake ya kusifiwa au ya kupendwa, mpaka umevukwa hata kama wote wawili wanatabasamu. Na kwa kuwa mgonjwa hawezi kuusoma moyo wa muuguzi, mpaka lazima utamkwe mapema.

Chukua mfano wa mama mtu mzima anayetoka wodini baada ya wiki tatu za sonona kali. Muuguzi, kijana wa umri wa mwanawe, anamuuliza, "Mama, tukikutana sokoni nikusalimie, au nipite tu?" Mama anafikiri kidogo. "Nisalimie, mwanangu. Ukipita kimya watasema tumegombana. Ila habari za dawa tuziache hapahapa." Wamekwisha kupatana. Kwenye jamii ambayo kumpita mtu mzima bila salamu ni utovu wa adabu, kumkwepa mgonjwa kungemuumbua kuliko kumwamkia. Aliyechagua ni yeye mwenyewe, na siri yake imelindwa kwa njia anayoielewa.

Siri nayo ina ukomo, na ukomo huo usemwe siku ya kwanza. Mwenyekiti wa kitongoji akiuliza, mchungaji akiuliza, shemeji akiuliza, jibu ni kwamba habari za mgonjwa hazitoki bila ridhaa yake. Lakini akisema anataka kujiua, au kumdhuru mtu, muuguzi hatalibeba hilo peke yake. Mgonjwa aliyeambiwa haya mapema hataona amesalitiwa pale daktari na ndugu watakapoitwa. Muuguzi aliyeahidi "sitamwambia mtu yeyote" amejifunga ahadi asiyoweza kuitimiza.

Halafu kuna zawadi. Ndugu wa mgonjwa anafika na mkungu wa ndizi, ndoo ya maharagwe au jogoo aliyefungwa miguu. Kumrudisha na jogoo wake ni kumwambia shukrani yake haina thamani, na wauguzi wanaokataa kila kitu kwa kuogopa kanuni huacha majeraha wasiyoyaona. Hata hivyo zawadi iliyokuja kabla ya huduma, zawadi ya fedha, au zawadi inayopokelewa nyuma ya jengo ni jambo jingine kabisa. Njia ya kutokea ipo. Ndizi zipokelewe mbele ya wenzake, ziandikwe, ziliwe na wodi nzima pamoja na wagonjwa, na muuguzi aseme wazi kwamba foleni ya kesho itabaki ileile. Kwa mgonjwa aliye kwenye hali ya mania, anayegawa mali yake yote kwa furaha, hata ndizi zisipokelewe. Huyo hajui anachotoa, na akitulia atakuta ghala tupu.

Kambi za wakimbizi zimelifanya suala hili kuwa gumu zaidi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mgogoro wa Burundi wa Aprili 2015 ulipoleta wimbi jipya, Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena Oktoba mwaka huo, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata Januari 2016. Huduma za afya ya akili ziliingia pamoja na hema, zikiwemo zile za Madaktari Wasio na Mipaka huko Nduta. Muuguzi Muha anamwelewa Mrundi kwa kiasi kikubwa bila mkalimani, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu. Kwingine panahitajika mkalimani, naye ni mkimbizi mwenzao anayelala mistari michache ya hema kutoka kwa yule ambaye siri zake amezitafsiri mchana. Mpaka wa usiri hapo unategemea watu wawili, na mmoja wao mara nyingi hakufundishwa kazi hiyo.

Wapo pia wahudumu wakimbizi wenyewe, watu waliopoteza ndugu katika machafuko yaleyale. Mgonjwa anapoeleza usiku alioshuhudia baba yake akiuawa, mhudumu anakumbuka wa kwake. Kusema mara moja, kwa sentensi moja, "na mimi nilipita njia hiyo" kunaweza kumfungua mgonjwa. Kuendelea kusimulia kunageuza viti: sasa mgonjwa ndiye anayefariji, na anarudi hemani na mizigo miwili. Mhudumu wa namna hii anahitaji mtu mwenye uzoefu wa kukaa naye kila wiki na kumsikiliza, kwa sababu jeraha lake litajitokeza kazini atake asitake. Usimamizi huo ukikosekana, kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea.

Kupita kiasi kwa mapenzi kuna madhara yanayopimika. George Brown na wenzake wa London walichapisha mwaka 1972 utafiti wa wagonjwa wa skizofrenia waliorudi nyumbani. Ndani ya miezi tisa, asilimia 58 ya waliorudi kwenye familia zenye lawama nyingi, uhasama au uangalizi uliopitiliza waliugua tena, dhidi ya asilimia 16 ya waliorudi kwenye nyumba tulivu. Uangalizi uliopitiliza uliwekwa kapu moja na lawama. Utafiti ule ulihusu ndugu, lakini muuguzi anayempigia mgonjwa simu kila jioni, anayemwamulia kila jambo na kuona hakuna mwenzake anayemwelewa mgonjwa wake kama yeye, anaelekea kulekule.

Upande wa pili wa kosa hauandikwi sana magazetini, nao ndio ninaoukuta zaidi. Ni muuguzi aliyejitenga. Anaongea na ndugu juu ya kichwa cha mgonjwa kana kwamba hayupo, anamwita kichaa, anachoma sindano bila kusema jina la dawa. Mwaka 1960 Isabel Menzies, akichunguza hospitali moja ya London, alieleza kwamba wauguzi walikatiwa kazi vipande vipande ili yeyote asikae na mgonjwa mmoja hadi maumivu yake yamguse. Ubaridi ule ulikuwa ngao dhidi ya hofu. Wodi yenye muuguzi mmoja wa zamu na wagonjwa wengi inazalisha ngao hiyohiyo. Mgonjwa aliyefungwa kamba usiku kwa kuwa alikuwa anapiga watu ana haki ya kukaliwa kitako asubuhi na yuleyule aliyemfunga, aelezwe kwa nini, na aulizwe ilikuwaje kwake. Dakika hizo chache hukosekana, na mwezi unaofuata tunashangaa hakuja kliniki.

Mapenzi ya kimwili hayana mjadala. Mgonjwa anaweza kumtamani muuguzi kwa sababu ndiye mtu wa kwanza kumsikiliza kwa miaka. Mgonjwa wa mania anaweza kumshika hadharani. Kutamani huko ni sehemu ya ugonjwa au ya tiba, na wajibu wa kusimama uko kwa muuguzi siku zote, hata mgonjwa akisema amekubali. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliwapiga marufuku watumishi wa Umoja huo kubadilisha misaada kwa ngono, baada ya kashfa zilizofichuliwa kwenye kambi za Afrika Magharibi. Mantiki yake inafika hadi wodini: anayeshika dawa, chakula au karatasi ya rufaa hayuko sawa na anayevihitaji.

Kuachana, ile hatua ya mwisho ya Peplau, ndiko kunakofanywa vibaya zaidi. Warundi walianza kurejeshwa kwao kwa hiari kwa msafara wa mabasi Septemba 2017, na Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021 waliobaki walihamishiwa Nduta. Mgonjwa anayepanda basi bila kuagwa anakatika na dawa, na pia na mtu pekee aliyeijua hadithi yake. Maandalizi yanaanza pale jina linapoandikwa kwenye orodha: barua yenye jina la dawa, dozi na tarehe ya sindano ya mwisho, dawa za akiba, jina la kituo anakokwenda, na mazungumzo ya kuagana yenye nafasi ya kulia. Hivyohivyo kwa muuguzi anayehamishwa kutoka Kibondo kwenda mkoa mwingine. Amtambulishe mrithi wake ana kwa ana, mbele ya mgonjwa.

Anayeona mpaka umevukwa aanzie kwa matroni au mganga mfawidhi wa kituo, kisha ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, lina mamlaka juu ya leseni na maadili ya wauguzi. Ndugu wamsaidie mgonjwa kuandika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, maana malalamiko yake ndiyo huwa ya kwanza kutupwa kapuni kwa kisingizio cha ugonjwa wake. Anayepokea lalamiko ayaandike maelezo hayo kama yalivyotolewa, kisha ayachunguze kama ambavyo angechunguza ya mgonjwa wa malaria.