Takataka yako, stima yako: bonasi igawiwe vipi bila kuumiza jirani?

Kule Laini Saba, Kibera, palijengwa Jiko ya Jamii, jiko kubwa lililobuniwa kuchoma takataka badala ya kuni. Mkazi aliyeleta taka alipata nafasi ya kupika au kuchemsha maji. Je, mpango kama huo unaweza kufanya kazi kwenye sola ya kijiji, pale mnaponunua tokeni za stima kwa simu? Unaweza. Lakini mkikosea hesabu, kuna mtu atalala giza.

Kilo peke yake hudanganya

Tuseme kikundi chenu kina yuniti 20 za bonasi kwa wiki. Familia ya watu saba imetoa kilo 18 za taka, ikatenganisha kilo 9. Nyanya anayeishi peke yake ametoa kilo 4, akatenganisha 3. Mkigawa kwa kilo, familia inapata yuniti 15, nyanya 5. Yaani anayenunua soda nyingi ndiye anayezawadiwa!

Sasa tumieni asilimia. Familia imetenganisha asilimia 50 ya taka zake, nyanya 75. Familia inapata yuniti 8, nyanya 12. Hapo bidii imelipwa.

Msingi kwanza, bonasi baadaye

Lakini si watu saba wanahitaji stima zaidi ya mmoja? Ndiyo, na kwa sababu hiyo msiweke stima yote kwenye mashindano. Tengeni kwanza fungu la msingi, la taa na kuchaji simu, mligawe kulingana na idadi ya watu kwa kila nyumba. Fungu hilo lisiguswe, hata kama mtu alikuwa mgonjwa na hakuleta chupa hata moja. Bonasi pekee ndiyo ifuate takataka.

Pia, pimeni mifuko yote: ya taka zilizotenganishwa na ya zilizobaki. La sivyo, mjanja atatupa uliobaki mtoni ili asilimia yake ipande. Kutenganisha zinazooza na zisizooza si jambo geni: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inadai hivyo.

Rekodi zikae kwa simu

- Pesa za kuuza chupa na vyuma ziingie Paybill au Till ya kikundi, si laini ya mweka hazina.
- Kila mkishapima, kila nyumba itumiwe SMS: kilo zake, asilimia yake, yuniti zake. Anayeona kasoro aulize wiki hiyo hiyo.
- Ukinunua tokeni, soma jina la anayelipwa kabla ya kuweka PIN.
- Kupokea bonasi hakuhitaji PIN. Akipiga mtu aseme, "Nipe PIN nikuwekee yuniti," huyo ni mwizi. Kata simu.

Mkikutana, kubalianeni kwanza fungu la msingi ni yuniti ngapi, muandike. Mizani ije baadaye.