Je, Wajua? Alimwona Mkewe Akiwa Kichanga

Jimmy Carter, Rais wa 39 wa Marekani, alimwona mkewe, Rosalynn, mara ya kwanza binti huyo akiwa bado kwenye nepi. Mama yake Jimmy alikuwa muuguzi, na ndiye aliyesaidia Rosalynn kuzaliwa mwaka 1927 katika mji mdogo wa Plains, Georgia. Muda si mrefu akampeleka mwanawe kumtazama mtoto. Jimmy hakuwa ametimiza hata miaka mitatu.

Baadaye alipomposa Rosalynn, alikataliwa! Rosalynn alikuwa amemwahidi baba yake, kabla hajafariki, kwamba atamaliza chuo kwanza. Kijana hakukata tamaa. Walioana Julai 7, 1946, wakaishi pamoja miaka 77. Hakuna rais mwingine wa Marekani ambaye ndoa yake ilifikisha umri huo.

Usiku walisomeana Biblia kabla ya kulala, na kwa miaka mingi waliisoma kwa Kihispania ili lugha isiwatoke.

Rosalynn alipoagwa Novemba 2023, Jimmy, mzee wa miaka 99, alifika kanisani kwa kiti cha magurudumu, miguu imefunikwa blanketi lenye sura ya mkewe.

Na kilichokaribia kuwagombanisha kabisa si siasa wala Ikulu. Ni kitabu! Walipoandika pamoja kitabu kilichotoka mwaka 1987, kila mmoja alikumbuka mambo kivyake. Wakanuniana, wakawa wanarushiana maneno makali kwa maandishi, tena ndani ya nyumba moja. Suluhu ikawa kugawana aya: za mume zikatiwa herufi J, za mke R.