Hodi mara tatu, kisha kitasa

Mama muuza vitumbua wa mtaani kwetu, Tabata, huwasha jiko lake saa kumi na moja alfajiri. Hukaa kwenye kona, mgongo ukutani, uso kwenye njia mbili, mpaka saa nne unga unapoisha. Jioni hurudi na mihogo ya kukaanga. Hana kamera wala filimbi, na sidhani kama amewahi kuitwa kwenye kikao chochote cha ulinzi. Lakini ukitaka kujua nani kahamia, nani kasafiri na nani kaachwa na mumewe, muulize yeye.

Asubuhi moja alikuwa ananifungia vitumbua vinne kwenye gazeti, akasema bila kuinua macho: "Mwandishi, ile pikipiki nyekundu inapita mara ya tatu leo. Haibebi mtu."

Mimi sikuwa nimeiona hata mara moja, na ninaishi hatua thelathini kutoka hapo.

Bodaboda kuzunguka bila abiria si ajabu, ndiyo kazi yake. Nilimwambia hivyo. Akageuza kitumbua kwa kijiti chake, akanijibu kwamba bodaboda anayetafuta abiria hupunguza mwendo penye watu, na huyu alikuwa anapunguza mwendo penye mageti. Nikanyamaza, nikala.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu niligundua hasemi kamwe kwamba mtu "anaonekana mwizi". Husema mtu amefanya nini, wapi, mara ngapi. Wale wanunuzi wa vyuma chakavu wanaosukuma mkokoteni, kwake si tatizo. Tatizo ni yule anayepita na mkokoteni mtupu, hapigi kelele ya kuita wateja, halafu anachungulia uani. Fundi wa king'amuzi akipanda juu ya bati la nyumba ya watu waliosafiri, anataka kujua nani kamwita. Mbwa wawili wakifa wiki moja kwenye nyumba zilizopakana, bila kuugua, analitaja hilo kwa kila anayenunua mihogo jioni hiyo.

Sisi wengine tunaanza na sura. Kijana ana rasta, kaptula imechanika, hana shughuli, basi. Na hapa lazima nikiri jambo ambalo bado linaniwasha.

Miaka michache iliyopita, kijana mmoja alikaa chini ya mwarobaini mbele ya geti langu mchana mzima. Kesho yake akawapo tena. Siku ya tatu, nikiwa na vijana wawili wa kijiweni, nilitoka na sauti ya ukali: wewe nani, unapeleleza nini hapa? Akababaika. Kubabaika kwake nikakuona ni ushahidi. Mmoja wa wale vijana akamshika ukosi wa fulana, na kutoka upande wa pili wa njia nikasikia mtu anauliza, "Mwizi?" Aliuliza tu. Lakini mwanamume mwingine alikuwa tayari anainama kuokota kipande cha tofali.

Mama wa vitumbua akavuka njia, mikono imejaa unga. "Hujambo, mwanangu?" Kijana akajibu, "Shikamoo, mama." "Marahaba. Unamsubiri nani?" Akamtaja fundi rangi anayefanya kazi nyumba ya tatu, ambaye humwita saidia fundi siku kukiwa na kazi, na siku kukiwa hakuna humwacha angoje. Nyumba ya tatu kweli ilikuwa inapakwa rangi. Yule mwenye tofali akaliweka chini taratibu, kana kwamba alikuwa analihamisha tu.

Salamu ile ilichukua muda mfupi kuliko ukali wangu, na ilileta habari zaidi. Kwetu salamu ni mlango: mtu mwenye shughuli ya halali atakujibu, atamtaja mwenyeji wake, mara nyingi atafurahi umemuuliza. Asiye na shughuli naye amepata ujumbe kwamba ameonekana, uso wake umetazamwa na sauti yake imesikika. Wengi wa namna hiyo hawarudi. Mwizi wa nyumba huogopa kujulikana kuliko anavyoogopa kupigwa.

Nadhani ndiyo maana wazee wa pwani waliikazania hodi. Unapiga hodi mara tatu, usipojibiwa unaondoka. Ni adabu ya dini kwa Waislamu, na ni adabu ya mji kwa wote. Ukiitazama vizuri, ni kipimo pia. Mgeni wa kawaida akikosa jibu hugeuka, au humuuliza jirani. Anayepiga hodi mara tatu kisha akashika kitasa, au akazunguka nyuma ya nyumba kuangalia kama dirisha la jikoni limefungwa, hakuwa anabisha ili afunguliwe. Alikuwa anahakikisha hakuna mtu. Hapo huhitaji kumjua wala kumchunguza mavazi.

Zamani jambo hilo lingeonwa na watu wanane. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala zilitazama njia. Watu waliketi barazani wakicheza bao, wakisuka ukili, wakisengenya. Sasa tumejenga kuta za futi nane, juu tumepanda vipande vya chupa, juu ya chupa tumezungusha seng'enge. Sizikatai kuta, nami ninao mmoja. Ila mwizi akishauruka, ukuta unamsitiri yeye. Anaweza kukaa saa nzima anakata nondo na jirani asione kitu. Kamera nazo zinasaidia, hasa baadaye, polisi wakitaka kutazama. Lakini sijaona kamera inayomwuliza mtu anamsubiri nani.

Serikali iliwahi kuliwekea jambo hili muundo. TANU, chama kilichokuwa kikitawala, iliweka wajumbe wa nyumba kumi katikati ya miaka ya 1960, na wazee wetu walikuwa wakienda kwa mjumbe kuandikisha mgeni kama walivyokwenda kisimani. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 mjumbe amebaki mtu wa chama, na wa serikali ni mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, lakini watu wengi bado huanzia kwa mjumbe kwa sababu ndiye aliye karibu. Kenya nao walilichukua wazo hilo na jina lake, Nyumba Kumi, mwaka 2013, baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Muundo wowote ule, unasimama juu ya jambo moja dogo: mwenye nyumba kumwambia mwenzake "nina mpangaji mpya", au "nasafiri Ijumaa, nitazamie". Nyumba za kupanga zenye vyumba kumi na milango inayobadilisha watu kila miezi sita, hapo ndipo panapovuja.

Na wengine walijiundia ulinzi wao wenyewe. Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe wa kutumia silaha ulipozidi baada ya Vita vya Kagera, vijiji vilizaa sungusungu. Silaha yao kubwa kuliko mishale ilikuwa mwano, yowe linalopokewa kijiji kwa kijiji mpaka njia zote za mwizi zimejaa watu. Serikali iliyumba kidogo, ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini sungusungu hao hao waliua watu, wakiwamo vikongwe walioitwa wachawi. Yowe halichagui.

Hili ndilo linalonitisha kuliko wezi wenyewe. Mwaka 1995, wakati Unguja na Pemba zilipokuwa hazilali kwa hofu ya jini aitwaye Popobawa, mgonjwa wa akili aliyekuwa ametoka bara kutafuta tiba aliuawa na kundi la watu mjini Zanzibar. Kosa lake lilikuwa kuwa mgeni mahali penye hofu. Magazeti yetu yana msamiati wake tayari kwa visa vya namna hiyo, "wananchi wenye hasira kali", maneno manne yanayofanya kifo kionekane kama hali ya hewa. Katika vitabu vya sheria hakuna kosa lenye jina hilo. Kuna mauaji, na aliyeleta tairi na aliyeleta kiberiti wote wamo.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, na inamtaka amfikishe polisi bila kuchelewa. Kumkamata, basi. Haisemi kumhoji chini ya mwembe, wala kumvua nguo. Hata hivyo, ushauri wangu kwa mwenye umri na tumbo kama langu ni kutomkamata mtu kabisa. Mwenye panga hukimbia kwa urahisi zaidi akiachiwa njia.

Makundi ya mtaa ya WhatsApp nayo ni yowe la kisasa. La kwetu limewahi kusaidia: mtu aliandika namba ya gari lililoegeshwa usiku kucha bila mtu kulijua, na kumbe ni la kukodi, dereva kalala kwa ndugu. Dakika tano, suala likaisha. Lakini kundi hilo hilo siku nyingine lilirusha picha ya msichana wa kazi aliyeacha kazi, maneno juu yake "mwizi huyu mkimwona". Mwenye nyumba alipata simu yake iliyopotea chini ya kochi. Picha ilikuwa imeshafika mitaa mitatu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa habari za uongo za aina hiyo, ila nani atamfuata msichana kule aliko amwambie?

Kwa hiyo ukiona jambo, andika kwanza: saa, namba ya chombo, alikoelekea, alichofanya. Mwambie jirani mmoja, ili muwe wawili mnaotazama. Msalimie mtu huyo kama ni mchana na hauko peke yako. Ikiwa anavunja, au ana silaha, usitoke. Piga 112, haikatwi hata shilingi, kisha mpigie polisi kata na mwenyekiti wa mtaa. Namba zao zinatakiwa ziwe kwenye simu yako kabla, si saa nane za usiku unapoanza kumuuliza shemeji. Washa taa za nje, zima za ndani. Na paza sauti, lakini ita majina ya majirani. "Baba Asha! Mzee Mushi!" Ukiita "mwizi!" wataamka watu usiowajua, na hutaweza kuwazuia.

Saa nane za usiku nimeitaja kwa sababu yangu.

Ilikuwa Juni mwaka jana. Feni ilisimama. Dar es Salaam feni ikisimama hata marehemu huamka, na mimi nikaamka, nikapapasa ukutani mpaka mlangoni kwenda kuangalia swichi kuu, ambayo fundi wetu aliifunga nje barazani karibu na mita ya Luku. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Mke wangu akasema kutoka kitandani, kwa sauti ndogo, "Mbona kwa Baba Asha taa inawaka?"

Nilichungulia. Taa ya baraza ya jirani ilikuwa inawaka, na ya nyumba ya mbele pia. Umeme ulikuwa umekatika kwetu tu.

Hiyo ni mbinu ya zamani, nilishaisikia, kama ile ya kufungulia bomba la uani ili mwenye nyumba atoke kuokoa maji. Kuisikia hakukusaidia, mkono ulikwenda kwenye komeo wenyewe. Nikaurudisha. Nikampigia jirani, akawasha taa zote na kuanza kuniita kwa jina kwa sauti ya msikitini. Kijana wa ulinzi shirikishi, tunayemchangia elfu mbili kwa mwezi na kumlalamikia kila mwezi, akapuliza filimbi mwisho wa njia. Kitu kikaanguka chini ya dirisha la sebule, na miguu ikapanda ukuta. Nilisikia mtu anajikata na chupa, akatukana.

Asubuhi tulikuta swichi kuu imeshushwa. Wavu wa dirisha la sebule ulikuwa umechanwa pembeni, tundu la kupitisha mkono. Suruali yangu niliyoiacha kwenye kiti ilikuwa imening'inia dirishani, mguu mmoja ndani, mwingine nje ya nondo, na pochi bado imo mfukoni. Chini, juu ya mchanga, palilala upembo mrefu, mti uliofungwa ndoano ya waya kwenye ncha. Hatukuugusa. Askari wa kata alikuja, akapiga picha, akaandika maelezo, akatuelekeza kituoni kuchukua RB.

Alipokuwa bado anaandika, mama wa vitumbua akapita na beseni lake kichwani, akasimama getini. Alisalimia wote, akamwamkia askari ingawa alikuwa mdogo kwake, kwa kuheshimu nguo. Kisha akautazama ule upembo.

"Huo umekatwa juzi," akasema. "Kwenye mpera wa kile kiwanja kitupu. Nilimwona anaukata. Nikamuuliza wa nini, akaniambia wa kuangulia maembe."

Akashusha beseni, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nikapokea hela ya kitumbua nikamwacha aende. Juni hii, maembe yako wapi?"