Je, bondia asiye na taji anastahili kuenziwa?

Sam Langford hakuwahi kutwaa ubingwa wa dunia, lakini mwaka 1990 aliingizwa katika Ukumbi wa Kimataifa wa Mabondia Mashuhuri, Canastota, Marekani. Baadhi ya mabingwa wazungu walikataa kupigana na weusi. Jack Johnson naye, alipokuwa bingwa, hakukubali kurudiana naye.

Hoja hiyo inagusa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-mashariki mwa Mbarara, Uganda. Mashindano ya timu za taifa hudai uraia, hivyo kijana mkimbizi mwenye ngumi nzito anaweza kukosa ulingo. Timu ya Wakimbizi ya Olimpiki imefungua mlango: bondia Cindy Ngamba aliipatia medali yake ya kwanza, shaba, Paris 2024.

Kabla ya kuhesabu mataji, basi, sharti tuulize ni nani aliyeruhusiwa kuyawania.