Je, Wajua? Vidoa Vyeupe Kifuani mwa Mchimbaji

Je, wajua kwamba picha ya eksirei ya kifua cha mchimbaji inaweza kumpotosha hata daktari mzoefu? Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, dhahabu huchimbwa chini ya ardhi, katika mwamba wenye silika. Vumbi la silika likivutwa kwa miaka mingi huacha vidoa vyeupe sehemu za juu za mapafu, palepale kifua kikuu kinapopenda kukaa. Tezi za limfu kifuani zilizozungukwa na chokaa, mfano wa ganda la yai, huashiria silikosisi, yaani ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi hilo. Lakini silikosisi nayo hukaribisha kifua kikuu, kwa hiyo makohozi yapimwe hata hivyo. Na mchimbaji aliyeletwa kwa dharura akitweta ghafla? Kwanza utafutwe pichani ukingo wa pafu: huenda hewa imevuja na pafu limesinyaa, na hilo halisubiri majibu ya maabara.